Niliuza swicha nikanunua seva: miezi 14 baadaye

Nianze na kelele, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza utakachokutana nacho na hakuna muuzaji atakayekugusia. Siku ya kwanza tuliyoiwasha seva harusini, nyuma ya pazia la ukumbi mmoja pale Sinza, MC alikuja mwenyewe na maiki mkononi akaniuliza, "Dada, hiyo ndege yenu inapaa saa ngapi?" Feni sita, kila moja saizi ya kikombe cha kahawa, na zote zinalia kana kwamba zimechokozwa. Swicha yangu ya zamani, lile sanduku la kuchagua picha ya kamera ipi iende hewani, ungeweza kuiegemea ukasinzia.

Kwa wasionijua: narusha mubashara harusi, sendofu, ibada, mikutano mikuu ya SACCOS, na misiba ya familia zenye watu Maskati, London na Minnesota. Nina kamera nne, vijana watano, Noah moja iliyochoka, na mtoto wa dada yangu aliyesomea kompyuta, ambaye ndiye aliyeniingiza humu. Miaka 11 nimefanya kazi kwa masanduku. Swicha ya matundu manane ya SDI, ile njia ya kupitisha picha kwa kebo nene, sanduku la kurekodi, sanduku la kugeuza picha ya laptopu, sanduku la intakomu, sanduku la kurushia, na laptopu ya kuandikia majina. Kila kazi na chuma chake, kila chuma na waya wake wa umeme, na kila Jumamosi alfajiri tunayahesabu yakiingia garini kama mwalimu anayehesabu watoto wa safari.

Mwaka jana mtoto wa dada akaniambia, "Mama mdogo, haya masanduku mengi ukiyafungua utakuta kompyuta ndogo inayojua kazi moja tu. Tununue kompyuta moja kubwa, tuigawe." Nikamwambia kompyuta zinaganda. Akasema na masanduku yanaungua. Hapo alinishika, maana mwezi uleule la kurekodi lilikuwa limekufa na harusi ya watu tumboni.

Kwa hiyo ninachokitathmini hapa ni vitu vitatu vilivyobebana. Chini kabisa kuna Proxmox, mfumo wa kuigawa seva moja iwe mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta zinazojitegemea ndani ya bati moja. Unatengenezwa Vienna, Austria, upo tangu 2008, na kuutumia hulipii. Ndani ya mojawapo ya hizo mashine pepe inakaa vMix, programu ya Waaustralia inayofanya kazi yote ya swicha: kukata picha, kuweka majina, kucheza video, kurekodi, kurusha. Na kati ya kamera na seva kuna NDI, njia ya kupitisha picha kwenye kebo ya kawaida ya mtandao, ambayo NewTek waliitambulisha 2015 na leo iko chini ya Vizrt. Kwa nini si VMware, ambayo watu wa maofisini wameizoea? Broadcom waliinunua Novemba 2023 na baada ya hapo leseni za kununua mara moja zikasitishwa, ukitaka unalipia kwa kipindi. Mimi siyo benki.

Seva yenyewe ni mtumba. Tuliipata Kariakoo kwa jamaa anayeleta mashine zilizostaafu kwenye ofisi za Ulaya: prosesa mbili za Xeon, RAM ya GB 128, uzito kama kiroba cha mchele cha kilo 25, ila kiroba chenye kona. Tukaongeza kadi mbili za grafiki, diski za NVMe, na kadi ya mtandao ya gigabiti 10. Leseni ya vMix, toleo la 4K, nililipa dola 700 mara moja, pamoja na mwaka mmoja wa masasisho. Kabla ya kulipa tuliitumia siku 60 za majaribio ikiwa kamili bila senti, jambo ambalo nalisifu kwa moyo mmoja, kwa sababu ndani ya siku hizo 60 nilirusha harusi tano na kufahamu ninachokinunua. Swicha yangu nikamuuzia kijana mmoja wa Temeke. Nilipojumlisha kila kitu, pamoja na vigeuzi vinne vya kutoa SDI kwenda NDI, bei ilikaribia swicha mpya ya daraja lilelile nililokuwa nalo. Anayekuambia njia hii ni ya bei rahisi bado hajanunua swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganisha kebo za mtandao.

Hapo kwenye mtandao ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. SDI ya 1080p50, yaani HD kamili ya fremu 50 kwa sekunde, inasukuma gigabiti 2.97 kwa sekunde kwenye ile kebo nene ya koaksia, picha haijabanwa, na kebo moja ni picha moja inayokwenda upande mmoja. Basi. NDI inaibana picha hiyohiyo mpaka megabiti mia na ushee, haioneshi kwa macho kwamba imebanwa, na kebo moja inapitisha picha kwenda na kurudi, taa nyekundu ya kumwambia mpiga kamera kwamba yuko hewani, na kwa kamera za rimoti hata umeme wa kuiwasha. Kamera nne ni karibu nusu gigabiti. Tatizo ni kwamba kila anayetazama anavuta nakala yake. Mashine pepe ya kukata picha inavuta kamera nne, mashine pepe ya kurekodi inavuta zilezile nne kivyake, hapo gigabiti 1 imeshajaa na bado hujaweka laptopu ya maandishi wala monita ya kwangu. Ndiyo maana kutoka kwenye swichi kwenda kwenye seva lazima iwe njia ya gigabiti 10. Sisi tulianza na swichi ya bei poa ya gigabiti 1 na picha zikawa zinavunjika vipande vipande kila mara kwaya inaposimama. Kosa letu.

Kingine ambacho sikukifikiria ni kichwa cha kebo. BNC, kile cha koaksia, unakizungusha robo, kinakaza, na mtu akijikwaa kwenye ile kebo anaangusha tripodi. Angalau unasikia kishindo. Kebo ya mtandao ina kile kiulimi cha plastiki. Kikivunjika, kisigino cha shangazi mmoja kikipita, kebo inachomoka kwa adabu kabisa na picha inatoweka bila kelele. Sasa tunatumia vichwa vyenye ganda la chuma kwenye kamera, na kila kijana ana mfuko wa vichwa vya akiba na koleo lake la kubania.

Niwaambie kuhusu kijiko.

Wiki ya tatu tuligundua picha inaruka. Siyo kuganda, siyo kupotea. Kamera ikigeuka taratibu kufuata maharusi wanaoingia, kila baada ya sekunde kadhaa picha inakosa hatua moja, kama mtu aliyejikwaa kidogo akajirudi. Wateja hawakusema kitu. Mimi nilikuwa siwezi kuangalia kingine. Tukaihamishia seva sebuleni kwangu, mtoto wa dada akafunga kijiko cha chai kwa uzi kwenye ndoano ya dari, akakisukuma kibembee, kamera ikakitazama. Kwenye monita iliyochomekwa moja kwa moja kwenye kamera, kijiko kilibembea laini. Kwenye picha inayotoka seva, kinabembea, kinabembea, kinashtuka. Tulibadilisha kebo. Tulibadilisha swichi. Tulipunguza kamera mpaka ikabaki moja, bado kinashtuka. Mume wangu alipita saa tano usiku akatukuta watu wazima wawili tumekodolea kijiko, akarudi chumbani bila kuuliza.

Jibu lilikuwa kwenye ubao wa seva. Mashine hizi za prosesa mbili ni kama nyumba moja yenye jiko mbili: kila prosesa ina RAM yake pembeni na matundu yake ya kadi. Kadi ya grafiki tulikuwa tumeichomeka kwenye tundu la prosesa ya pili, huku mashine pepe ya vMix imepewa RAM ya upande wa kwanza. Kila fremu ilikuwa inavuka daraja kwenda na kurudi. Tena viini vya prosesa havikuwa vimefungwa, kila mashine pepe inaazima popote penye nafasi, kwa hiyo ya kurekodi ikichangamka inakanyaga ya kukata picha. Mtoto wa dada akahamisha kadi tundu la pili kutoka juu, akaipa kila mashine pepe viini vyake visivyoguswa na mwingine, akazima ule utaratibu wa Proxmox wa kuirudisha RAM mashine pepe isipoitumia, akawasha upya. Saa nane usiku kijiko kikabembea sawasawa. Sikumbuki kufurahia chai kama ile.

Nayasema haya kwa urefu kwa sababu hiyo ndiyo hali halisi ya kuhama. Sanduku la swicha aliyelitengeneza alishashughulika na vijiko vyote kiwandani. Ukinunua seva, vijiko ni vyako. Proxmox inakuruhusu kuikabidhi kadi nzima ya grafiki kwa mashine pepe moja, na ikishakaa vizuri hutaona tofauti na kompyuta ya kawaida, lakini lazima uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya seva, uwashe VT-d inayoruhusu kukabidhi kadi, uangalie kadi imekaa kundi gani na vifaa vingine, usome, ukosee, usome tena. Kama huna mtoto wa dada, bajeti ya fundi iweke kabisa.

Jambo la pili ni kuchelewa, na hili halitibiki kwa fundi. Picha inapotoka kwenye kamera inageuzwa NDI, inasafiri, inafunguliwa ndani ya vMix, inachanganywa, inatoka tena kwenye kadi. Kila hatua inakula fremu. Tulipima kwa kupiga makofi mbele ya kamera na kurekodi kwa simu mikono na skrini kwa pamoja, tukahesabu: fremu 5 hivi. Kwa fremu 25 kwa sekunde hiyo ni milisekunde 200. Anayetazama nyumbani Maskati hajui chochote, kwa sababu sauti tunaichelewesha iendane na picha. Ila ukumbini, penye skrini kubwa pembeni ya madhabahu, sauti ya mchungaji inatoka spika saa ileile na midomo ya kwenye skrini inafuata nyuma. Baada ya ibada ya pili aliniita pembeni kwa upole wake. "Mama, mbona kwenye ile skrini naonekana kama filamu ya Kikorea iliyotiwa Kiswahili?" Nilitamani ardhi inimeze. Swicha ya chuma ilikuwa inachelewa fremu moja, hakuna mtu aliyewahi kuiona.

Tumejaribu kila kitu. Kurusha fremu 50 kwa sekunde kunapunguza, kwa kuwa kila fremu inakuwa milisekunde 20 badala ya 40, lakini seva inafanya kazi maradufu na mtandao unajaa upesi. Wakubwa wa televisheni wanatumia kitu kingine, ST 2110, viwango vya 2017 vya SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni, ambapo picha haibanwi kabisa: kamera moja ya 1080p50 ni zaidi ya gigabiti 2, na vifaa vyote vinaoanishwa saa kwa itifaki ya PTP. Hayo ni mambo ya jengo lenye chumba cha mitambo na kiyoyozi. Siyo ya Noah.

Na umeme. Swicha ukiichomeka, sekunde chache vitufe vinawaka, unafanya kazi. Seva ya raki inaanza kujikagua: RAM kijiti kwa kijiti, kadi kwa kadi, feni zote kwa kasi ya mwisho, ndipo Proxmox iamke, ndipo mashine pepe ziamke, ndipo vMix ifunguliwe. Yetu ni dakika 7. Sasa fikiria harusi ya Mbezi, saa mbili na nusu usiku, maharusi wako mlangoni wanacheza kuingia, umeme unakatika. Jenereta ikashika ndani ya sekunde 12, taa zikarudi, muziki ukarudi, watu wakashangilia. UPS yetu, ambayo betri zake nilijua zimechoka na nikasema nitazibadilisha mwisho wa mwezi, ilibeba seva sekunde 4. Dakika 7 nilisimama natazama skrini nyeusi yenye maandishi meupe huku bibi harusi akitembea ukumbi mzima, akafika jukwaani, akakaa. Mtu wa Minnesota akatuma ujumbe: "Shangazi, mbona kwetu giza?" Kamera zenyewe zilikuwa zinarekodi kwenye kadi zake, hivyo video ya baadaye ilipatikana, ila wale wa mbali hawakuona mlango. Nilirudisha theluthi ya malipo bila kuombwa. Sasa nina UPS mbili, kwa kuwa seva ina matundu mawili ya umeme, kila tundu na UPS yake, na betri tunazipima kila mwezi kwa kuchomoa ukutani huku tunatazama saa.

Mpaka hapa utadhani najuta. Ngoja nieleze upande wa pili.

Machi mwaka huu tulipata msiba wa Rombo. Zamani maana yake ni Noah, masanduku, vijana wanne, safari ya usiku kucha, na bei ambayo familia iliyofiwa inaona aibu kukuambia hawaiwezi. Safari hii vijana wawili walipanda basi na kamera mbili na vigeuzi viwili vidogo vya kurushia kwa SRT juu ya laini za simu. SRT ni njia iliyoanzishwa na Haivision, waliiachia wazi bure 2017, na uzuri wake ni kwamba kipande cha picha kikipotea njiani inakiomba tena kabla ya muda wa kuoneshwa haujafika. Tukaipa nafasi ya sekunde 2 za kujipanga. Seva ilikuwa ofisini Sinza, mtoto wa dada anakata picha akiwa amevaa ndala, mimi nimekaa pembeni naandika jina la marehemu na ratiba ya ibada. Kamera ya makaburini ilipoyumba mtandao, picha ilipungua ubora, haikukatika. Familia ililipa chini ya nusu ya bei ya zamani na mimi nilibaki na faida kubwa kuliko zamani. Swicha yangu ya zamani ya matundu ya SDI isingenipa kazi hiyo.

Halafu kuna mkutano wa SACCOS mmoja uliotaka matangazo mawili kwa wakati mmoja: moja lenye majina ya wagombea na matokeo yanapotoka, jingine safi bila maandishi kwa ajili ya kumbukumbu zao. Kwa masanduku ningekodi mtambo wa pili wote. Hapa mtoto wa dada alinakili mashine pepe usiku, akaipa kadi ya pili ya grafiki, asubuhi tukawa na swicha mbili ndani ya bati moja, kila moja na mkataji wake. Tukimaliza tunaizima ile ya pili na RAM inarudi kwa wengine. Hiki ndicho kitu ambacho chuma hakina: chuma cha matundu manane kitakuwa na matundu manane mpaka kizikwe.

Na kabla ya kila kazi tunahifadhi hali ya mashine pepe jinsi ilivyo. Mtu akiharibu kitu, akifuta mpangilio wa majina, akisasisha kisichosasishwa, tunarudi nyuma kwa dakika mbili. Onyo moja: usihifadhi hali hiyo mkiwa hewani. Mimi ndiye niliyebonyeza, katikati ya mahubiri, nikidhani najilinda. Mashine iliganda sekunde tisa, na mchungaji akabaki mdomo wazi kwa watazamaji wote.

Vidole vyangu vilikuwa na malalamiko yao. Miaka 11 kidole changu cha kati kinajua kamera namba tatu ilipo hata gizani, halafu unipe kipanya? vMix inakubali kibodi ya kompyuta, lakini inakubali pia vifaa vya MIDI, vile vya muziki. Nikanunua ubao mdogo wa kupigia midundo, wenye vibonyezo vya mpira vinavyowaka, kwenye duka la vyombo vya muziki. Safu ya juu ni picha ya maandalizi, ya chini ni iliyo hewani, nyekundu na kijani. Vijana wa bendi wakipita meza yangu wanauliza napiga mdundo gani. Kwa bei yake, hicho ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote humu.

Kuna watakaouliza kwa nini ununue bati wakati unaweza kukodi mashine pepe kwenye wingu. Tulijaribu, kabla ya kununua. Tulikodi mashine yenye kadi ya grafiki kwa kampuni moja kubwa yenye kituo Cape Town, tunailipia kwa saa na kwa kila gigabaiti inayotoka. Majaribio mawili yalikwenda vizuri sana, nikaanza kuamini. La tatu lilikuwa ibada ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, siku ya akina mama, kanisa limejaa vitenge vipya. Asubuhi ileile kebo mbili za chini ya bahari zinazohudumia pwani yetu zikapata hitilafu, nchi nzima ikawa inatafuta intaneti, na mimi nina kamera nne ambazo swicha yake iko upande wa pili wa bara. Kama seva ingekuwa pale kanisani, matangazo ya nje yangeshindikana hivyohivyo, lakini angalau skrini ya ukumbini na rekodi vingeendelea. Tulirekodi kwa simu. Wingu halina kosa, ila swicha yangu naitaka mahali ninapoweza kuipiga kofi.

Nani aje huku? Kanisa au ukumbi wenye chumba chake cha mitambo, umeme wa uhakika, na mtu anayekaa na mashine kila siku: njooni hata kesho, mtasahau kwamba mliwahi kuwa na masanduku. Anayerusha misiba ya mikoani na mikutano yenye matangazo zaidi ya moja, vilevile, seva inajilipa. Mwenye kamera mbili na harusi moja kwa wiki, OBS, programu nyingine ya kukata na kurusha picha, ni ya bure tangu 2012 na laptopu nzuri yenye kadi ya grafiki inakutosha. Usinunue bati la kilo 25 kwa ajili ya kujionesha. Na yeyote mwenye skrini kubwa ukumbini, mbele ya watu wanaomuona msemaji kwa macho yao, asikilize vizuri hiki ninachomalizia nacho.

Skrini ya kanisani tuliitatua hivi. Kamera ya kwanza na ya pili zina tundu la pili la SDI. Tundu moja linakwenda kwenye kigeuzi cha NDI kwa ajili ya seva, jingine linakwenda kwa koaksia moja kwa moja kwenye swicha ndogo ya chuma, na swicha hiyo ndiyo inayolisha skrini. Kijana mmoja anakaa hapo na vitufe viwili. Mchungaji amerudi kuwa mtu mmoja, midomo na sauti. Swicha yenyewe naikodi, Sh 80,000 kila Jumapili, kwa yule kijana wa Temeke. Ndiyo, ni ileile yangu. Bado ina stika yangu ya pinki pembeni na kitufe namba sita kinachohitaji kubonyezwa mara mbili.

Juzi alinipigia. "Shikamoo mama. Nasikia seva inalipa, nami nataka kuhamia huko. Hii swicha nikiiuza, unaweza kunitafutia mteja?"

Nikamwambia mteja ninaye.